Dk. Livingstone: Mganga aliyetambuliwa kwa mfupa wake

Na Mwandishi Wetu

APRILI 15, 1874, katika jengo la Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia jijini London, daktari bingwa wa upasuaji, Sir William Fergusson, aliinamia mwili wa mtu uliokuwa umekauka na kuupapasa mkono wake wa kushoto.

Sura ya marehemu haikuweza tena kusema kitu. Ilikuwa imepita karibu mwaka mzima tangu afariki dunia katika kijiji kilichomo Zambia ya leo. Mwili wake ulikuwa umekaushwa juani, ukaviringishwa vitambaa na gome la mti, kisha ukachukuliwa mabegani mwa watu kwa zaidi ya kilomita 1,600 hadi pwani ya Bagamoyo.

Alichokitafuta Sir William ni mfupa. Kati ya bega na kiwiko aliukuta umevunjika mshazari, na vipande vyake havikuwa vimeungana kamwe, bali vilicheza pale pale kana kwamba mtu huyo alikuwa na kiungo kingine cha ziada katika mkono.

Hapo shaka ikaisha. Aliyelala mbele yake alikuwa Dk. David Livingstone, na siku tatu baadaye akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, walimozikwa wafalme wengi wa Uingereza.

Kwa wakazi wa Tabora jina hilo si geni. Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe alimoishi mwaka 1872, ambalo leo ni makumbusho. Wengi humkumbuka kama mmisionari na msafiri, lakini si wengi wanaokumbuka kwamba kabla ya yote alikuwa tabibu, na kwamba mwili wake ulirudi Tabora, ukapumzishwa Kwihara, kisha ukatoka tena kwa hila ya aina yake.

Makala haya yanayapitia maisha yake kupitia mfupa huo, wanyama aliojaribu kuwatibu na kuwatumia, na watu waliombeba pale ambapo hakuna mnyama aliyeweza kubeba.

Muunga nyuzi wa Blantyre

Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, Scotland, katika familia maskini. Alipofikisha miaka 10 aliajiriwa katika kiwanda cha pamba, na kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zilizokatika mitamboni.

Siku ya kazi ilianza alfajiri na kuisha usiku, naye baada ya hapo alikwenda darasani. Kwa ujira wa kiwandani alijilipia masomo, na mwaka 1836 akajiunga na Chuo cha Anderson mjini Glasgow kusomea tiba.

Novemba 1840 alipata leseni ya kuwa tabibu. Alikuwa amekusudia kwenda China, lakini vita vya kasumba vilivyokuwa vikiendelea huko viliufunga mlango. Badala yake shirika la London Missionary Society likampeleka kusini mwa Afrika, akafika Cape mwaka 1841.

Simba wa Mabotsa

Februari 1844, akiwa katika kituo kipya cha Mabotsa kusini mwa Afrika, simba walikuwa wakishambulia mifugo ya wanakijiji. Livingstone akaungana nao katika msako.

Alimpiga simba mmoja kwa risasi za mitutu yote miwili ya bunduki yake, lakini hakumuua. Alipokuwa akijaza risasi nyingine, mnyama yule akamrukia, akamkamata begani na kumtikisa kama mbwa amtikisavyo panya.

Aliyemwokoa ni Mebalwe, mwalimu Mwafrika aliyekuwa akifanya naye kazi ya dini. Mebalwe aliinua bunduki, na simba akamwacha Livingstone na kumgeukia yeye, akamuuma paja. Mtu wa tatu naye aliumwa begani kabla ya mnyama huyo kuanguka na kufa kwa risasi alizokwishapigwa.

Livingstone alibaki na majeraha 11 ya meno mkononi, na mfupa wa juu wa mkono wa kushoto ukiwa umesagika vipande vipande.

Wahenga walinena kwamba mganga hajigangi. Yeye alilazimika kujiganga. Hapakuwa na daktari mwingine wa kumkimbilia, hivyo akasimamia mwenyewe namna mkono wake utakavyonyooshwa na kufungwa. Vidonda vilipona, lakini mfupa haukushikana. Kwa maisha yake yote hakuweza kuuinua mkono huo vizuri kupita usawa wa bega.

Upasuaji bila ganzi

Msomaji wa leo anaweza kuuliza kwa nini hakwenda hospitali ya Cape au kurudi Uingereza akafanyiwe upasuaji. Jibu ni kwamba upasuaji wa kuunga mfupa, kama tuujuavyo, haukuwapo.

Mwaka 1844 dawa ya usingizi ilikuwa haijaanza kutumika hospitalini. Etha ilionyeshwa hadharani mjini Boston, Marekani, mwaka 1846. Picha za eksirei zilikuja mwaka 1895. Wala hakuna aliyejua namna ya kuzuia kidonda kisioze baada ya kupasuliwa.

Hilo la mwisho lilipatiwa dawa mjini Glasgow kwenyewe, alikosomea Livingstone. Mwaka 1865 Joseph Lister alisafisha kwa dawa ya kaboliki jeraha la mtoto aliyevunjika mguu, na mguu ukapona bila kukatwa. Kabla ya hapo, mfupa uliotokeza nje ya ngozi mara nyingi ulikuwa na njia mbili: kukatwa kiungo au kufa.

Kwa hiyo tabibu wa wakati huo alikuwa na gango, yaani vijiti au mbao za kuushikiza mfupa, bendeji na subira. Katika hilo hakuwazidi sana waganga wa jadi wa kuunga mifupa.

Leo mkono kama ule ungefunguliwa mgonjwa akiwa usingizini na mfupa ukafungwa kwa bamba la chuma na skrubu. Kazi hiyo hufanyika hapa nchini, ikiwamo katika Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Maendeleo hayo hayakuishia kwa binadamu. Farasi aliyevunjika mguu au shingo, ambaye kwa karne nyingi tiba yake ilikuwa risasi ya kichwa, sasa anaweza kupasuliwa. Shingo yake ndefu ina pingili saba tu, sawa na ya mtu na ya twiga. Pingili iliyovunjika kwa kuanguka au kugonga kizuizi hufungwa kwa bamba na skrubu, iwapo uti wa mgongo wenyewe haujaharibika mno.

Kazi si nyepesi. Farasi mzima aweza kuwa na uzito wa kilo 450 au zaidi, na hatari kubwa huja anapozinduka na kutaka kusimama ghafla, kwani anaweza kukivunja kilichoungwa.

Lililo la kushangaza ni kwamba tiba ya shingo ya farasi imemsaidia na binadamu. Katika miaka ya 1970 nchini Marekani, daktari wa mifupa George Bagby, pamoja na madaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Washington State, walitengeneza kijikapu cha chuma chenye matundu, kinachojazwa vipande vya mfupa na kuwekwa kati ya pingili za shingo za farasi waliokuwa wakiyumba kwa kubanwa uti wa mgongo. Farasi bingwa wa mbio Seattle Slew alifanyiwa upasuaji wa aina hiyo mwaka 2000. Kifaa hicho kiliboreshwa, na katika miaka ya 1990 kikaanza kutumika kuunga pingili za migongo ya watu.

Farasi aliyetibiwa kwa sumu

Livingstone naye aliwahi kupita njia hiyo ya kutoka kwa farasi kwenda kwa mtu, ingawa yeye hakutumia kisu.

Katika miaka yake ya mwanzo kusini mwa Afrika alishuhudia farasi na ng'ombe wakifa baada ya kuumwa na mbung'o. Wenyeji walimjua mdudu huyo na maeneo yake, wakayakwepa. Livingstone akaamua kumjaribia farasi jike mmoja dawa: alimpa aseniki, sumu kali, kwa vipimo vidogo katika chakula.

Manyoya ya farasi yule yakalainika, nguvu zikamrudia kwa muda. Hata hivyo, ugonjwa ulirudi na hatimaye akafa. Livingstone aliyaeleza hayo katika barua iliyochapishwa mwaka 1858 na jarida la madaktari la British Medical Journal.

Mwaka 1895 David Bruce, akiwa Zululand, aligundua kijidudu kiletacho ugonjwa huo wa mifugo uitwao nagana. Mwanzoni mwa karne ya 20 Robert Koch alikwenda visiwa vya Sese, katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, kuwatibu wagonjwa wa malale kwa atoksili, dawa yenye aseniki ndani yake. Baadaye, mwaka 1949, ikaja melarsoprol, nayo yenye aseniki, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa tegemeo la wagonjwa ambao malale yalikwishafika ubongoni. Wazo alilolijaribu Livingstone kwa farasi mmoja halikuwa la bure.

Barabara isiyokubali farasi

Mbung'o huyo ndiye anayeeleza kwa nini historia ya Tabora ni historia ya mabega.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Tabora hadi Ujiji ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 1,200. Vitambaa, shanga, waya na bunduki viliingia bara, na pembe za ndovu zikatoka, pamoja na watumwa. Kwingine duniani mizigo kama hiyo ingepakiwa migongoni mwa farasi au kukokotwa kwa magari ya ng'ombe. Hapa ilibebwa na watu, hasa Wanyamwezi, ambao kila mmoja alichukua kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, kwa miezi mitatu au zaidi.

Waliojaribu kwenda kinyume na utaratibu huo walijuta. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alitoka Bagamoyo Machi 1871 akiwa na farasi wawili na punda 27. Farasi mmoja alikuwa zawadi ya Sultani Barghash wa Zanzibar.

Hawakufika mbali. Siku chache tu baada ya kuiacha Bagamoyo, kijijini Kingaru, farasi wa Sultani alikufa. Stanley akampasua tumbo kutafuta sababu, akakuta minyoo. Kabla ya siku nyingi kupita, wa pili naye akafa.

Jumbe wa Kingaru akaja kudai faini ya vitambaa kwa kuwa mzoga ulizikwa katika ardhi yake bila ruhusa. Stanley akawaamuru askari wake wamfukue farasi na kumwacha pale pale alipofia. Jumbe akapima harufu itakayofuata, akaghairi madai yake.

Punda nao walikufa mmoja baada ya mwingine katika matope ya Makata na mbele yake. Stanley alifika Tabora Juni 1871 kwa nguvu za watu.

Somo hilo lilirudiwa kwa gharama kubwa zaidi mwaka 1916, majeshi ya Waingereza na Makaburu yalipoingia nchini kupigana na Wajerumani. Farasi walikufa kwa maelfu, na mizigo ikahamia vichwani na mabegani mwa Waafrika waliokusanywa katika kikosi cha wapagazi. Kikosi hicho kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na jina lake ndilo lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam.

Ngamia wa Mikindani

Livingstone alikuwa ameijaribu bahati yake kwa wanyama kabla ya Stanley. Baada ya kulikatiza bara kutoka Luanda hadi Quelimane, na baada ya safari ya Zambezi ya mwaka 1858 hadi 1864 iliyogharimu maisha ya mkewe Mary mwaka 1862, alirudi mara ya tatu. Machi 1866 alishuka Mikindani kutafuta chemchemi za mto Nile.

Alikuja na ngamia sita, nyumbu, punda, na nyati wa kufugwa kutoka India. Alitaka kujua kama wanyama hao wangestahimili mbung'o wa bonde la Ruvuma.

Jaribio likaharibika. Wanyama walipigwa na kupakizwa mizigo kupita kiasi na baadhi ya watu wa msafara, kiasi kwamba walipoanza kufa haikujulikana kama muuaji ni mdudu au fimbo.

Januari 1867 likampata pigo kubwa zaidi. Watu walitoroka na mzigo uliokuwa na sanduku lake la dawa, ikiwamo kwinini. Tabibu akabaki bara bila dawa.

Kwa miaka iliyofuata aliishi mara nyingi kwa hisani ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili, ambao baadhi yao walifanya biashara ile ile ya watumwa aliyoichukia. Huo ni ukinzani ambao haukumtoka. Julai 15, 1871 alishuhudia mauaji ya mamia ya watu sokoni Nyangwe, katika Kongo ya leo, yaliyofanywa na watu wa wafanyabiashara hao. Akageuka na kurudi Ujiji akiwa amedhoofu, na huko ndiko Stanley alikomkuta mwishoni mwa mwaka huo.

Miezi sita Kwihara

Februari 18, 1872 wawili hao waliingia Kwihara. Nchi ya Unyanyembe ilikuwa katika vita. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa akipambana na Waarabu wa Tabora, na Agosti 1871 majeshi yake yalikwishaingia mjini na kuchoma sehemu yake.

Stanley alimsihi Livingstone warudi wote Ulaya akapumzike na kutibiwa, naye akakataa. Machi 14, 1872 Stanley akaondoka kwenda pwani, akiahidi kumpelekea wapagazi.

Livingstone alibaki katika tembe la Kwihara akingoja hadi Agosti. Humo aliandika, alisoma na kutengeneza vifaa vya safari. Mei 1, 1872 alimalizia barua ndefu kwa gazeti la New York Herald dhidi ya biashara ya utumwa. Maneno ya mwisho ya barua hiyo, yaliyoandikwa Tabora, ndiyo yaliyochongwa kwenye jiwe la kaburi lake London. Alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja kamili.

Wapagazi 57 walipowasili, alifunga safari Agosti 25, 1872 kuelekea kusini, kwenye mabwawa ya Bangweulu.

Upasuaji alioukataa

Ugonjwa uliommaliza haukuwa mpya. Alipokuwa Uingereza mwaka 1864 alishauriwa afanyiwe upasuaji wa bawasiri iliyokuwa ikimtoa damu kwa muda mrefu, akakataa. Katika mvua za mwanzo wa mwaka 1873, akitembea majini kwa siku nyingi, damu ilimtoka bila kukoma.

Aprili 21 alijaribu kupanda punda wake, akaanguka. Watu wake wakamtengenezea machela, wakambeba. Kuanzia siku hiyo hakutembea tena kwa miguu yake.

Usiku wa kuamkia Mei 1, 1873, katika kijiji cha Chitambo, alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekata roho. Alikuwa na umri wa miaka 60.

Uamuzi wa Chitambo

Hapa ndipo historia ingeweza kuisha. Hakuna ambaye angewalaumu watu wale kama wangemzika pale pale na kurudi kwao.

Waliokuwa wakiongoza ni Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi, na James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto mwaka 1861. Pamoja na wenzao waliamua kuupeleka mwili pwani, ingawa walijua kwamba kupita na maiti katika nchi za watu ni kujitafutia balaa.

Kazi ya kitabibu ilifanywa na Farijala, ambaye aliwahi kumtumikia daktari mmoja Zanzibar na kuona maiti zikipasuliwa. Aliufungua mwili, akatoa moyo na viungo vya ndani, ambavyo vilizikwa chini ya mti. Ndani ya tumbo waliona bonge la damu iliyoganda. Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa na wamisionari nchini India, alisoma sala za maziko na kuchonga maandishi kwenye mti huo.

Mwili ulitiwa chumvi, ukaanikwa juani kwa wiki mbili, ukafungwa na kutiwa ndani ya gome la mti, kisha ukashonewa turubai na kupakwa lami. Kwa kazi hiyo iliyofanywa porini bila hospitali, mkono wa kushoto na mfupa wake viliweza kusomwa London mwaka uliofuata.

Maiti iliyogeuka robota

Oktoba 1873 msafara huo wa watu wapatao 60, wakiwamo wanawake, uliingia Kwihara. Waliwakuta Luteni Verney Lovett Cameron na wenzake, waliotumwa kutoka Uingereza kumsaidia Livingstone, nao wakiwa hoi kwa homa.

Cameron aliwashauri wamzike pale Tabora, akiwaonya kuhusu hatari za Ugogo mbele yao. Alikuwa ofisa wa Uingereza na wao walikuwa wapagazi, lakini walikataa.

Wakaendelea mashariki wakiandamana na wenzake wawili Cameron. Mmoja wao, Dk. William Dillon, akiwa amechanganyikiwa kwa homa, alijiua kwa bunduki huko Kasekera Novemba 1873.

Wenyeji wakapinga maiti ile ya kwanza isiendelee kupita. Akina Susi na Chuma wakabuni hila. Usiku waliuvua mwili lile gome, wakaukunja upya na kuufunga mfano wa robota la kitambaa. Kisha wakatengeneza kifurushi cha mabua na vijiti chenye umbo la maiti, wakakikabidhi kwa wenzao wachache ambao, mbele ya macho ya watu, walishika njia ya kurudi Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kukizika.

Wakiwa porini waliyatawanya yale mabua, wakanyemelea usiku na kuungana tena na wenzao. Robota likaendelea na safari pamoja na marobota mengine, katika njia iliyozoea kuona vitambaa vikipita kila siku.

Februari 1874 waliingia Bagamoyo, na mwili ukawekwa katika misheni ya Wakatoliki ya Mapadri wa Roho Mtakatifu. Safari ilikuwa imechukua kiasi cha miezi tisa, na baadhi yao walikuwa wamefia njiani.

Waliosahauliwa bandarini

Serikali ya Uingereza iliuchukua mwili kwa meli. Susi, Chuma na wenzao walilipwa ujira wao na kuachwa. Ni Jacob Wainwright peke yake, aliyelipiwa nauli na shirika la kimisionari, aliyefika London kwa wakati na kuwa miongoni mwa waliobeba jeneza Westminster Abbey Aprili 18, 1874.

Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye mwaka huo na James Young, rafiki wa Livingstone, maziko yakiwa yamekwishapita. Huko walimsaidia Mchungaji Horace Waller kuyahariri madaftari ya marehemu, wakimweleza yaliyotokea siku ambazo kalamu yake ilikuwa imenyamaza. Sura ya mwisho ya maisha ya Livingstone imetoka vinywani mwao.

Jumuiya ya Jiografia ilitoa medali kwa wabebaji hao, lakini wengi wao walikwishatawanyika. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882 na Susi mwaka 1891.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na zama za misafara zikafungwa. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo, Kwihara ikiwamo, katika orodha yake ya maeneo inayoyapendekeza kuwa urithi wa dunia.

Yapo mabishano ambayo hayatakwisha kuhusu Livingstone: kama alikuwa rafiki wa Afrika au aliyewafungulia wakoloni mlango, au yote mawili kwa pamoja. Kuhusu waliombeba hakuna mabishano. Walipewa ushauri wa kumzika Tabora, wakautafakari, wakaukataa, na uamuzi ulikuwa wao.

Jiwe la kaburi lake London linawakumbuka waliomleta. Halitaji jina la hata mmoja wao.